Somo Moja, Akili Mbalimbali

Ndugu wakatekumeni, katika mafundisho ya dini huonekana jambo hili: mtu mmoja husikia maneno ya katekisimu mara mbili tu, na tayari huyasema pasipo kukosa. Jirani yake huyarudia mwezi mzima, na siku ya kuulizwa na Padri ulimi wake humfunga. Huyu wa pili huona haya, hujiita mjinga, na pengine huacha mafundisho kabisa, akidhani ya kuwa Ubatizo si wa watu kama yeye. Je, ndivyo ilivyo?

Tumsikilize Mtakatifu Agustino, Askofu wa Hippo, mji uliokuwa katika nchi iitwayo leo Algeria, humu humu Afrika. Yapata mwaka 400, Deogratias, shemasi wa Karthago, alimlalamikia. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha wale waliokuja mara ya kwanza kutaka kuwa Wakristu, naye aliona maneno yake hayana ladha, yanamchosha yeye mwenyewe. Agustino alimjibu kwa kitabu kizima.

Alimwagiza amtazame kwanza mtu aliye mbele yake. Je, amesoma au hakusoma? Ni wa mjini au wa shamba? Mapendo ni yale yale kwa wote, lakini dawa si moja kwa wote. Aliyesoma asichoshwe kwa mambo anayoyajua. Aliyechoka kusimama apewe kiti. Na aliye mzito mno wa kufahamu avumiliwe kwa huruma, afundishwe kwa ufupi yale ya lazima; tena mwalimu aseme zaidi na Mungu juu ya mtu huyo, kuliko kusema mengi na mtu huyo juu ya Mungu.

Bwana wetu Yezu Kristu mwenyewe alifundisha hivyo. Katika Injili ya Mtakatifu Mateo, sura ya 13, alitaka kueleza Ufalme wa Mbinguni. Mkulima alipewa mfano wa mbegu, mama akandaye unga mfano wa chachu, mchuuzi mfano wa lulu, mvuvi mfano wa wavu. Ufalme ni mmoja, lakini milango ya kuufahamu ni mingi.

Mwaka 1983 mtaalamu wa Marekani, Howard Gardner, aliandika ya kuwa akili ya mtu si ya namna moja: iko ya maneno, ya hesabu, ya nyimbo, ya kutambua maumbo, ya mwili, ya kufahamu watu na ya kujifahamu. Wataalamu wengine hawakubali yote aliyosema, wala haikuthibitika ya kuwa yafaa kumfungia kila mtu katika njia moja, huyu wimbo tu, yule picha tu. Heri somo moja lipitie njia nyingi, na wote wazifuate pamoja.

Kwa mfano, katika somo la Ubatizo katekista huleta kibuyu cha maji. Wakatekumeni huyagusa na kutaja kazi zake: yaosha, yakata kiu, yaotesha mbegu, tena yaweza kuua. Kisha huwasimulia jinsi Waisraeli walivyovuka Bahari ya Shamu. Jibu la katekisimu huimbwa kwa kupokezana. Mwisho kila mmoja humweleza mwenzake kwa lugha ya nyumbani. Hapo bibi asiyejua kusoma huweza kufahamu kabla ya kijana mwenye daftari.

Je, maneno ya Nasadiki yaachwe? Hasha! Yashikwe kwa moyo. Lakini neno lililofahamika hukaa, na neno lisilofahamika hupeperuka kama makapi.

Basi, ashikaye upesi asimcheke mwenzake, bali amsaidie jioni. Na ashikaye polepole asikimbie. Amwambie katekista waziwazi, "Mwalimu, neno hili halijaniingia." Kusema hivyo si aibu. Ubatizo si zawadi ya wenye ulimi mwepesi. Ni neema kwa mwenye kusadiki na kugeuza maisha yake.

Maswali
1. Agustino alimwagiza Deogratias atazame nini kwanza?
2. Kwa nini Yezu alitumia mifano mingi juu ya Ufalme mmoja?
3. Ni nani katika kijiji chako aliyeacha mafundisho kwa haya? Utamwendea lini?

Kusudi la juma hili: Nitamsaidia mwenzangu mmoja kufahamu somo moja, nami nitamwombea.