Cheri, Kirshi, na Keki ya Msitu Mweusi

Tumeulizwa katika darasa: keki iitwayo ya Msitu Mweusi, yenye krimu nyeupe na matunda mekundu juu yake, yafaa kuliwa na Mwislamu? Wako wasemao, "Hata ikiwa imetiwa kileo, moto umekwisha kukiondoa." Kabla ya kujibu yatupasa tukijue kitu chenyewe.

Cheri ni tunda la mviringo, kama kunazi kwa ukubwa, lenye kokwa moja ndani. Iko tamu na iko chachu. Tunda hilo halina dhambi yoyote. Waarabu huliita karaz, na watu wa Halab huko Shamu hupika kababu za kondoo katika mchuzi wake. Wairani huipika cheri chachu pamoja na wali, na Waturuki huinywa sharubati. Basi aikimbiaye kila sahani yenye cheri kwa kudhani ni mambo ya Wazungu tu, ajinyima bure.

Ama kirshi ni jambo jingine. Hiyo hutengenezwa Schwarzwald, yaani huo Msitu Mweusi wenyewe, kusini-magharibi ya Ujerumani, na katika nchi jirani ya Uswisi. Cheri hupondwa zikaachwa zichachuke, kisha hupikwa katika mtambo na mvuke wake hukusanywa, mfano wa marashi ya waridi. Kitokacho ni cheupe kama maji, wala hakina utamu, na kwa sheria ya Umoja wa Ulaya kileo chake kisipungue 37.5 kwa mia. Mtu akiinusa huweza kuidhania arki ya kupikia. Nayo ni pombe kali khasa. Waswisi huitia katika jibini ya kuyeyushwa, na Wafaransa huimwagia matunda ya moto wakaiwasha mezani, miali ikawaka mbele ya wageni.

Sasa hiyo hoja ya moto. Majedwali ya Wizara ya Kilimo ya Marekani yaonyesha kuwa chakula kilichowashwa hivyo hubakiwa na kileo kama 75 kwa mia ya kilichotiwa. Kikitokoswa saa nzima hubaki 25, na hata baada ya saa mbili na nusu hubaki 5. Na katika keki hii moto haumo kabisa! Keki huokwa, ikapoa, ndipo tabaka zake zinyunyiziwe kirshi, na nyingine ikatiwa katika krimu. Miongozo ya waokaji wa Ujerumani yataka ladha ya kirshi itambulikane waziwazi, ama sivyo keki isiitwe kwa jina hilo. Keki ya namna hiyo haituhalalikii. Iliyokatazwa katika Suratul Maida, aya ya 90, haikuwa halali kwa kunyunyizwa kidogo.

Lakini jina peke yake si hukumu. Waokaji wengi hutumia maji ya sukari au maji ya cheri mahali pa kirshi, na hiyo haina neno. Mwokaji aulizwe swali moja: keki ilipokwisha kupoa, uliinyunyizia nini?

Kadhalika zile cheri nyekundu za chupani ziitwazo maraschino. Asili yake zilirowekwa katika pombe ya cheri ya Dalmatia. Katika miaka ya 1920, mwalimu Ernest Wiegand wa Oregon, Marekani, alitengeneza njia ya kuzihifadhi kwa maji ya chumvi, na nyingi zinazouzwa leo ni za chumvi, sukari na rangi. Atakayezinunua asome karatasi ya chupa, akitafuta maneno kirsch, brandy na liqueur.