Kuanza Mchezo wa Himaya za Nyota: Jinsi Akili Inavyojifunza Jambo Lenye Sehemu Nyingi

Mtu anayefungua Stellaris kwa mara ya kwanza hukabidhiwa sayari moja, vyombo vichache vya angani na mamia ya nyota asizozijua. Mchezo huu wa kompyuta, uliotengenezwa na kampuni ya Paradox ya Stockholm, Sweden, na kutolewa Mei 2016, huanza katika mwaka wa kubuni wa 2200. Juu ya skrini umepangwa mstari wa rasilimali: nishati, madini, chakula, aloi, bidhaa za matumizi, ushawishi na nyinginezo. Kabla dakika kumi hazijapita, ujumbe umekwisha kurundikana: wanasayansi wanasubiri kupangiwa utafiti, chombo kimoja hakina kazi, sayari inahitaji jengo, na viumbe wasiojulikana wameonekana katika mfumo wa jirani. Wapo wanaoufunga mchezo jioni hiyohiyo wakisema kwamba hawana akili ya mambo kama hayo.

Kauli hiyo husikika pia katika kliniki. Mgonjwa aliyeambiwa leo kwamba ana kisukari na kwamba atajidunga insulini kila siku huisema kwa maneno yake mwenyewe. Daktari aliye katika wiki ya kwanza ya mafunzo kwa vitendo wodini huifikiri hata asipoitamka. Wataalamu wa ujifunzaji wameishughulikia kwa zaidi ya miaka arobaini, na sehemu ya majibu yao ilitokana na mchezo mwingine wa vita vya angani.

Michezo ya jamii ya Stellaris ilipata maelezo yake mashuhuri mwaka 1993, pale mwandishi Alan Emrich alipokuwa akiuarifu mchezo wa Master of Orion: mchezaji huchunguza, hujipanua, huvuna rasilimali na huangamiza wapinzani. Hakuna tendo lolote kati ya hayo lililo gumu likitazamwa peke yake. Ugumu umo katika viungo vinavyoyaunganisha. Kujenga kituo kwenye nyota mpya hutumia aloi na ushawishi. Aloi hutokana na madini. Viwanda vya aloi vinataka wafanyakazi. Wafanyakazi wanataka chakula na bidhaa. Vituo na vyombo hula nishati kila mwezi. Anayeongeza vyombo vya kivita bila kutazama nishati hujikuta ameishiwa miezi kadhaa baadaye, wala haoni chanzo, kwa maana kosa lilifanyika mahali pengine kabisa. Daktari wa figo ataufahamu mpangilio huo bila kuelezwa.

Akili ya anayeanza hulemewa kwa sababu inayojulikana. Kumbukumbu ya kazi, yaani ile inayoshikilia taarifa kwa sekunde chache wakati zinapotumiwa, ina nafasi finyu sana. Mwaka 1956 George Miller alikadiria kwamba hubeba vitu saba hivi. Mwaka 2001 Nelson Cowan alitoa hoja kwamba idadi halisi inakaribia vinne. Anayeanza huuona mstari wa rasilimali kama namba nyingi zilizotengana, kila moja ikidai nafasi yake. Mzoefu huona kitu kimoja tu: himaya inapata kuliko inavyotumia, au kinyume chake. Hakuzaliwa na kumbukumbu pana zaidi. Amejifunza kufunga vitu vingi katika fungu moja. Ndivyo muuguzi mwenye uzoefu anavyotazama mapigo ya moyo yaendayo mbio, shinikizo la damu linaloshuka, mkojo mchache na ngozi ya baridi, akaona jambo moja la dharura, ilhali mwanafunzi aliye kando yake bado anahesabu manne.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kuujifunza mchezo ni kuisimamisha saa. Katika Stellaris muda hutembea wenyewe, lakini kitufe kirefu kilicho chini ya kibodi huusimamisha papo hapo, na amri zote zaweza kutolewa muda ukiwa umesimama. Wageni wengi hukiona kitufe hicho kama udhaifu, wakakikwepa. Ni kosa. Saa ikiwa imesimama, chombo cha sayansi kipewe orodha ya mifumo ya jirani ya kupima. Utafiti uchaguliwe katika nyanja tatu, yaani fizikia, jamii na uhandisi. Kila nyanja huonyesha kadi chache, na kwa kuwa uchaguzi usio bora hapa haumwangushi mtu, asipoteze nusu saa akizilinganisha. Chombo cha ujenzi kitumwe kuweka vituo vya uchimbaji katika mfumo wa nyumbani. Kisha saa iachwe itembee, na jicho libaki kwenye jambo moja: je, mapato ya mwezi ya nishati na ya madini yako juu ya sifuri? Miundo ya vyombo vya kivita, mikataba na majirani na sera za himaya havijafutwa. Vipo, navyo huenda kwa mipangilio ya awali ya mchezo hadi zamu yake itakapofika.

Hapo huzuka swali la ufundishaji. Je, anayejifunza agawiwe kazi vipande vipande, akamilishe kimoja ndipo apewe kingine, au aishike kazi nzima tangu mwanzo? Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Emanuel Donchin na wenzake katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walibuni mchezo ulioitwa Space Fortress kwa ajili ya kulichunguza swali hilo. Mchezaji huendesha chombo katika anga lisilo na msuguano, ambako chombo kikishasukumwa hakisimami chenyewe. Katikati pana ngome inayomfyatulia risasi. Mabomu huzuka, mengine ya adui na mengine ya rafiki, na hutambulika kwa herufi alizozihifadhi kichwani. Makombora yake yana idadi, na alama za nyongeza hupita mbele yake kwa muda mfupi. Maabara kadhaa zilipewa mchezo huohuo, kila moja ikaufundisha kwa mbinu yake, na matokeo yakachapishwa pamoja mwaka 1989.

Mbinu ya Daniel Gopher, wa chuo cha Technion cha Haifa, Israeli, inastahili kuangaliwa kwa makini. Wanafunzi wake walicheza mchezo mzima kila mara, ila kwa mizunguko kadhaa waliambiwa waweke uzito katika kukiongoza chombo, na kwa mizunguko mingine katika kushughulikia mabomu, pasipo kuyatupa mengine yaliyosalia. Waliofundishwa hivyo waliwapita waliocheza kwa muda uleule bila mwongozo. Mbinu ya vipande nayo haikushindwa: katika ulinganisho wa Illinois, waliojengewa ujuzi kipande kwa kipande walipata alama za juu zaidi katika mchezo wenyewe. Lakini walipoongezewa kazi ya pili ya kufanya huku wakicheza, waliofundishwa kwa kuhamisha uzito ndani ya kazi nzima walistahimili usumbufu vizuri zaidi.

Mwaka 1994 Gopher na wenzake walitoa taarifa kuhusu wanafunzi wa urubani wa jeshi la anga la Israeli. Waliofanya mazoezi ya mchezo huo kwa saa kumi waliruka vizuri kuliko wenzao ambao hawakuucheza, ingawa mchezo haufanani na chumba cha rubani hata kidogo. Isidhaniwe kwa hilo kwamba michezo ya kompyuta ni dawa ya ubongo. Majaribio ya baadaye ya Illinois, yaliyochapishwa mwaka 2010, yalionyesha kwamba walionufaika zaidi na mbinu hiyo ni wale walioanza wakiwa dhaifu, lakini ujuzi haukuenea mbali na kazi zinazofanana na ile waliyoifanyia mazoezi. Mzazi anayeuziwa mchezo kwa ahadi ya kumfanya mwanawe bingwa wa hisabati anauziwa ahadi tupu. Na mchezo unaomnyima mtu usingizi, ukampokonya masomo au kazi naye asiweze kuuacha, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12, ni ugonjwa unaotambuliwa katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022.

Kinachobaki kwa mhudumu wa afya ni ile mbinu. Mgonjwa wa insulini huruhusiwa kwenda nyumbani akiwa na mambo mengi kuliko mstari wa rasilimali wa Stellaris: kupima sukari, kuvuta kipimo sahihi, kubadilisha sehemu ya kuchoma, kulinganisha dozi na mlo, kuhifadhi chupa mahali pa baridi (pasipo na jokofu, mtungi wa udongo wenye maji husaidia), kutoiacha insulini siku ya homa, na kuzitambua dalili za sukari kushuka. Mara nyingi yote hayo husemwa katika dakika ishirini za mwisho, ndugu wakiwa wamesimama mlangoni na mizigo. Mgonjwa huitikia kila neno, kisha husahau. Wala haiwezekani kumpa kipande kimoja wiki hii na kingine mwezi ujao, maana mwili wake hausubiri.

Anaweza hata hivyo kuishika kazi nzima kwa msaada wa karatasi iliyoandikwa na ndugu aliyefundishwa pamoja naye, huku uzito ukiwekwa mahali pamoja. Wiki ya kwanza panafaa pawe pale panapoweza kuua upesi: sukari iliyo chini ya 3.9 mmol/L, jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla, kuchanganyikiwa. Vijiko vitatu vya chai vya sukari ndani ya maji, kupima tena baada ya dakika 15. Na akipoteza fahamu, asimiminiwe kitu mdomoni bali apelekwe haraka kituo cha afya. Wiki inayofuata uzito uhamie kwenye mlo na dozi, kisha sehemu za kuchoma, halafu siku za ugonjwa. Na kwa kuwa nyumbani hapakosi mtoto anayelia, mgeni mlangoni au msiba wa jirani, mazoezi ya kliniki nayo yasifanyike katika ukimya. Muuguzi amwache mgonjwa avute dozi huku akimwuliza habari za safari, kisha amwulize angefanya nini iwapo ameshajidunga na basi limeharibikia njiani, chakula kikiwa bado kiko mbali.