Kompyuta ya Wingu: Nini Huhama na Nini Hubaki

Neno "wingu" limeingia katika lugha ya kompyuta kwa bahati isiyo njema. Mwanafunzi akilisikia hudhani kuna kitu kinachoelea angani, kisicho na mahali. Sivyo. Kompyuta ya wingu ni mashine ya chuma na waya, iliyofungwa katika jengo lenye walinzi, viyoyozi na jenereta. Ila jengo hilo si lako. Wewe hukodi sehemu ya nguvu zake, kwa saa au hata kwa sekunde, na kuifikia kwa njia ya intaneti. Katika makala haya tutaangalia kinachotokea kampuni inapofunga chumba chake cha kompyuta na kuhamishia kazi zake huko, na hasa kile ambacho hakihami.

Kinachowezesha kukodi kwa kipimo kidogo namna hiyo ni programu inayoigawa kompyuta moja kubwa ifanye kazi kama kompyuta nyingi ndogo, kila moja na mpangaji wake asiyemwona jirani. Kampuni ya Marekani ya Amazon ilianza kukodisha kwa mtindo huo mwaka 2006.

Je, kukodi kuna faida? Jibu ni la hesabu, wala si la mitindo. Chukua mfano wa kubuni. Ofisi inayotangaza matokeo ya mitihani huhitaji seva 10 siku za kawaida, lakini kwa siku 6 za mwaka, wazazi na watahiniwa wanapomiminika, huhitaji 100. Ikiamua kumiliki mashine zake haina budi kununua 100, kwani siku ya msongamano haisubiri. Kwa mwaka mzima itakuwa imegharimia siku-seva 36,500. Ikikodi itatumia 10 × 359 + 100 × 6, yaani 4,190 tu. Hata kama kukodi seva kwa siku kunagharimu mara nane ya kuimiliki, bado ofisi hiyo itapata nafuu. Lakini kampuni inayohitaji seva 100 kila siku ya mwaka hupata hasara mara tu bei ya kukodi inapozidi gharama ya kumiliki. Dropbox, kampuni ya kutunza mafaili ya watu, ina mzigo wa kudumu wa namna hiyo, kwa maana faili lililohifadhiwa leo litakuwapo kesho. Kufikia mwaka 2016 ilikuwa imetoa zaidi ya asilimia 90 ya data za wateja wake katika mashine za kukodi na kuzirudisha katika mashine zake yenyewe.

Tuje sasa kwa waliohama wakabaki huko. Agosti 2008 kampuni ya Netflix, ambayo wakati huo ilikuwa bado ikiwapelekea Wamarekani diski za filamu kwa posta, iliharibikiwa na kanzidata yake kuu. Kwa siku tatu haikuweza kutuma diski. Ugonjwa wenyewe ni wa kawaida: kazi yote ilitegemea mashine moja kubwa, nayo mashine moja, hata iwe bora namna gani, siku moja hufa. (Katika chuo kimoja nilichopata kufundisha, seva ya idara ilizimika mwishoni mwa juma kwa sababu kiyoyozi kilikufa, na fundi mwenye ufunguo alikuwa msibani.) Netflix ikaamua kuhamia katika majengo ya Amazon, na kazi hiyo ilikwisha Januari 2016, mwezi uleule ilipofungua huduma katika nchi zaidi ya 130 kwa mpigo, za Afrika Mashariki zikiwamo.

Miaka saba kwa kampuni yenye wahandisi hodari! Mbona muda mrefu hivyo? Njia nyepesi ingekuwa kuzichukua programu zilivyo na kuzipakia katika mashine za kukodi. Lakini mwenye kufanya hivyo huhama pamoja na ugonjwa wake. Netflix waliandika upya karibu kila kitu: programu moja kubwa ikavunjwa kuwa mamia ya programu ndogo, kila moja na kazi yake, ili moja ikianguka nyingine ziendelee. Kisha wakaunda programu waliyoiita Chaos Monkey, kima mvurugaji, inayozima seva zao wenyewe bila mpangilio wakati wa saa za kazi, ili wahandisi wakiwa macho waone kama huduma itasimama. Nakiri kwamba mara ya kwanza kusoma habari hiyo nilidhani ni mzaha.

Hata hivyo, mkesha wa Krismasi wa mwaka 2012, kosa la matengenezo upande wa Amazon lilifuta sehemu ya data za mitambo inayogawa kazi kati ya seva mashariki mwa Marekani, na watazamaji wengi wa Netflix wakakosa huduma. Mwenye jengo ndiye aliyekosea, lakini mtazamaji hakumjua mwenye jengo, alimjua Netflix. Wajibu wa kutazamia hitilafu ulikuwa umebaki kwa mpangaji, naye baada ya hapo alipanga kazi zake ili eneo moja likizimika jingine lipokee.

Kwetu kuna jambo la pili, nalo ni umbali. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi Cape Town, ambako Amazon ilifungua majengo mwaka 2020, ni kama kilomita 3,700 kwa mstari mnyofu. Kwenda na kurudi ni kilomita 7,400, sawa na milisekunde 37, na mkonga wa baharini haunyooki. Muda huo ni mdogo kwa swali moja. Lakini tuseme kampuni imeiacha programu yake Dar es Salaam na kuhamisha kanzidata peke yake, na ukurasa mmoja wa hesabu huuliza kanzidata maswali 40, moja baada ya jingine. Karani atangoja karibu sekunde moja na nusu kwa kila ukurasa. Programu na kanzidata yake hazina budi kuhama pamoja. Nayo mikonga hukatika: Mei 2024 mikonga ya EASSy na Seacom ilikatika kwa wakati mmoja, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na kwa majirani. Zahanati au duka lililohama likose nakala ya karibu ya orodha zake, siku kama hiyo lina karatasi na kalamu tu.

Mwalimu mwenye kompyuta iliyounganishwa na intaneti anaweza kulipima jambo hili darasani kwa amri iitwayo ping, inayotuma ujumbe kwa seva na kuonyesha milisekunde za kwenda na kurudi. Wanafunzi wazigawe kwa mbili, kisha wazidishe kwa kilomita 200, ambazo mwanga husafiri katika nyuzi kwa milisekunde moja. Watapata urefu ambao waya wa kufikia seva hiyo hauwezi kuuzidi. Wakishapata majibu ya seva tano au sita, watafute katika ramani mji ambao kila moja yaweza kuwamo.