Mafunzo Niliyopata Nikitoa Mizigo Uwanja wa Ndege

Kazi yangu ni uwakala wa forodha, na ofisi ni meza moja Kipawa, jirani na uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, mahali ambapo ndege ya Addis Ababa ikitua mazungumzo husimama kwanza. Hapa dunia haiko mbali. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Kila mzigo una mwenyewe. Hati zinataja katoni, kilo na thamani. Hazisemi kwamba mtaji ni mkopo wa kikoba, wala kwamba magauni yale ni ya Idi. Kodi utalipa ile ile, ila gauni likitoka siku mbili baada ya sikukuu, mama anayeliuza Kariakoo ameshaumia. Kwa hiyo kabla ya kuuliza thamani, namwuliza mteja anauza lini. Asiye na haraka namshauri apeleke kwa meli, ingawa mimi napata kidogo. Nauli ya ndege hupigwa kwa kilo na huweza kumaliza faida yote.

2. Guangzhou, China, bidhaa zinakonunuliwa, kuwe na mtu. Picha ya simu haitoshi. Wenye akili wana Mtanzania mwenzao kule anayekwenda kiwandani, anafungua boksi, anavuta mshono, ndipo fedha zinatumwa.

3. Anayeanzisha safari ya bidhaa aambiwe bei ya mwisho wake. Mabondo (vibofu vya hewa) ya sangara wa Ziwa Victoria huuzwa Hong Kong na China bara kwa bei inayoiacha mbali minofu. Mvuvi akiniuliza, namweleza ninachokijua. Kuna msafirishaji mmoja alininunia kwa hilo. Mwenzake alianza kununua kwa daraja na uzito, na mpaka leo hakosi mzigo.

4. Uwanja nao ulikuwa mitaa ya watu. Jengo la Tatu la abiria, lililojengwa na BAM International ya Uholanzi na kufunguliwa mwaka 2019, lina uwezo wa kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka. Nalisifu, maana ndiko ninakokula. Lakini upanuzi wa uwanja ulihamisha majirani zetu. Nyumba za Kipawa zilifanyiwa tathmini mwaka 1997, fidia ikaja zaidi ya miaka 10 baadaye, na wengi wakaelekea upande wa Pugu. Bei za saruji na bati hazikuwasubiri. Tena tathmini ile ilihesabu kuta na miembe, haikuhesabu wateja. Aliyekuwa akiwauzia wapagazi supu na chapati alfajiri, huko aendako atamwuzia nani? Kwangu mimi hilo ndilo pengo kubwa kuliko hata ucheleweshaji wenyewe, na ni gumu kulisikia likitajwa kwenye vikao vya wawekezaji.

Siku hizi mgeni akitaka nimtafutie kiwanja cha ghala karibu na uwanja, namwuliza kwanza nani anaishi pale, na kama ameshalipwa. Wapo ambao hawakunipigia tena.