Sidiria: Usinunue Namba, Nunua Kinachokutosha

Mwanamke akilalamikia maumivu ya mabega, shingo au mgongo, wengi hufikiria jembe, mtungi wa maji au mtoto aliyebebwa kutwa. Ni wachache wanaoikagua sidiria. Hata hivyo, sidiria isiyotosha huweza kuchimba mabega, kuchubua ngozi na kuleta upele chini ya matiti. Kwa mama anayenyonyesha, inayobana sana huweza kuziba mirija ya maziwa hadi titi livimbe na kuuma.

Tatizo kubwa ni lebo. Ukipita soko la Misikhu, kwenye barabara itokayo Webuye kwenda Kitale, au masoko ya Bungoma na Kitale kwenyewe, utapata katika rundo moja la mitumba sidiria zilizoandikwa 34C, 75C, 90C na hata 12C. Mnunuzi hudhani hizo ni saizi nne. Kumbe zaweza kuwa saizi moja, iliyoandikwa kwa desturi za nchi mbalimbali.

Namba na herufi

Namba huonyesha mkanda unaozunguka kifua chini ya matiti. Herufi huonyesha kikombe, yaani tofauti kati ya mzunguko wa kifua juu ya matiti na ule wa chini yake. Kwa hiyo herufi peke yake haikuambii ukubwa wa titi. Kikombe cha 36C ni kikubwa kuliko cha 32C, ingawa herufi ni ileile.

Jipime nyumbani

Chukua tepu ya fundi wa nguo, upande wa sentimita. Kwanza, zungusha chini kabisa ya matiti, ikaze bila kujiumiza, kisha toa pumzi na usome. Pili, izungushe mahali matiti yalipojaa zaidi, bila kuyabana. Hakikisha tepu imenyooka mgongoni.

Tuseme chini umepata 75 na juu 92. Tofauti ni 17. Kwa kipimo cha Ulaya, kikombe A ni tofauti ya sentimita 12 hadi 14, B ni 14 hadi 16, C ni 16 hadi 18, na D ni 18 hadi 20. Wewe basi ni 75C.

Lebo za nchi mbalimbali

Ujerumani na nchi nyingi za Ulaya huandika 75. Ufaransa, Uhispania na Ubelgiji huongeza 15, hivyo huandika 90. Uingereza na Marekani huandika 34, nayo Australia 12. Ukipanda daraja moja, 80 inakuwa 95, 36 na 14.

Angalia jambo moja: sentimita 75 ni kama inchi 30 tu, wala si 34. Desturi ya zamani ilikuwa kuongeza inchi 4 au zaidi juu ya kipimo cha kifua. Siku hizi wapimaji wengine hawaongezi chochote. Ndiyo maana mwanamke mmoja huambiwa ni 34 hapa na 30 pale.

Herufi nazo hazipatani baada ya D. Uingereza hufuata DD, E, F, FF. Marekani hufuata DD, kisha DDD. Ulaya huenda moja kwa moja E, F, G. Kwa hiyo E ya Uingereza ni DDD ya Marekani na F ya Ulaya. Sidiria za Japani na Uchina huanza kikombe A kwenye tofauti ya sentimita 10 hivi, basi C yao huwa ndogo kuliko C ya Ulaya.

Mwili ndio hakimu

Lebo ikuonyeshe pa kuanzia tu. Ivae, kisha kagua haya:

• Mkanda ulale sawa mbele na nyuma. Ukipanda mgongoni, ni mpana mno.
• Vidole viwili vipite chini ya mkanda, visizidi hapo.
• Titi lisifurike juu wala kwapani. Likifurika, kikombe ni kidogo. Kitambaa kikikunjamana, ni kikubwa.
• Kamba zisichimbe mabega. Uzito unapaswa kubebwa zaidi na mkanda.
• Waya ukalie mbavu, usikalie titi.

Mkanda ukikulegea lakini kikombe kinakutosha, shuka namba moja na upande herufi moja: toka 36B uende 34C. Mkanda ukikubana, fanya kinyume chake.

Sidiria mpya ifungwe kwenye kulabu za mwisho zilizo legevu, ili ikivutika uendelee kuikaza. Ya mtumba imekwisha kuvutika, basi vuta mkanda wake: usiporudi upesi, iache hata kama ni bei ya kutupa. Nchini Tanzania, Shirika la Viwango, TBS, limekuwa likipinga uuzaji wa nguo za ndani zilizokwisha kuvaliwa, kwa sababu ya afya. Ukinunua, ifue vizuri kwa sabuni na uianike juani kabla ya kuivaa.

Vipi kuhusu saratani?

Mwaka wa 1995 kitabu kimoja cha Marekani kilieneza dai kwamba sidiria huleta saratani ya matiti. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2014 huko Seattle haukuona uhusiano wowote, hata kwa sidiria zenye waya. Lakini usiisingizie sidiria kila jambo. Ukiona uvimbe, ngozi iliyobonyea, chuchu iliyoingia ndani ghafla au inayotoa damu, nenda hospitali bila kukawia, hata kama hakuna maumivu.

Mwili hubadilika kwa ujauzito, kunyonyesha, kunenepa na kukonda. Jipime upya angalau mara moja kwa mwaka, uandike vipimo vyako viwili kwenye karatasi na uende nayo sokoni. Muuzaji akikukadiria kwa macho, mtolee karatasi.