Jinsi Mimea Inavyowaita Wadudu

Mkulima wa kando ya Ziwa Victoria, awe wa Seme au wa Nyakach, akienda shambani alfajiri huyakuta maua ya maboga yamefunuka, na nyuki wamekwisha kufika. Kabla ya adhuhuri maua hayo hujifunga. Mboga huu una maua ya kiume na ya kike mbalimbali, na chavua yake ni nzito yenye kunata, haichukuliwi na upepo. Hapana budi ichukuliwe na mdudu. Basi anyunyizaye dawa ya wadudu asubuhi huwaua wachukuzi wake mwenyewe, kisha hushangaa kuona vitoto vya maboga vikinyauka.

Ua humwita nyuki kwanza kwa rangi. Mwaka 1914 Karl von Frisch, mtaalamu wa Munich katika Ujerumani, alitangaza majaribio yake. Aliweka karatasi ya buluu kati ya karatasi nyingi za kijivu, akawazoeza nyuki kupata maji ya sukari juu ya ile ya buluu. Hata chombo kilipokuwa kitupu, nyuki waliijia hiyo hiyo. Wekundu hawakuweza kuutofautisha na weusi. Baadaye ilijulikana kwamba nyuki huona pia mwanga fulani usioonekana kwa macho ya mwanadamu, na maua mengi yana alama za mwanga huo zielekezazo mahali penye utamu. Von Frisch alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1973.

Usiku harufu ndiyo yenye nguvu. Ua la papai hunukia jioni, na katika Kenya hujiwa na nondo. Lakini wako nondo wengine ambao hawatafuti ua: hutafuta majani machanga ya mahindi ili watage mayai, na mabuu yao hupekecha mabua hata mahindi yakadumaa au kuanguka. Wito ule ule wa harufu humfaa mkulima mahali pamoja na kumletea njaa mahali pengine.

Nondo hao wamechunguzwa sana huko Mbita, upande wa kusini wa ghuba ya Winam, katika kituo cha icipe. Shirika hilo la uchunguzi wa wadudu lilianzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, aliyesoma Maseno karibu na Kisumu, na kituo cha Mbita kina jina lake. Katika miaka ya 1990 Dk. Zeyaur Khan, pamoja na John Pickett na wenzake wa Rothamsted, Uingereza, walikusanya harufu za majani mbalimbali, wakapima ni zipi zinazogutusha vipapasio vya nondo.

Majani ya napia yalionekana kumwita nondo kuliko mahindi, hasa giza linapoanza kuingia. Nondo hutaga huko, na mabuu wakitoboa bua hunaswa na utomvu wa kunata, wengi wao wakafa. Majani ya molasi ni kinyume chake, na hapa pana ajabu: harufu yake hufanana na ile ya mmea uliokwisha kushambuliwa. Nondo huikimbia, bali nyigu wadogo watagao mayai ndani ya mabuu huifuata, kama majirani waitikiavyo yowe. Habari hizo zilitangazwa mwaka 1997.

Desmodiamu nayo, mmea wa jamii ya kunde, hufukuza nondo. Ilipopandwa kati ya mahindi kwa ajili hiyo, wataalamu waliona jambo ambalo hawakulitafuta: kayongo, lile gugu lenye maua ya zambarau linyonyalo mizizi ya mahindi, lilipungua sana. Mizizi ya desmodiamu hutoa dawa ya kulizuia.

Desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi, na napia mistari mitatu kuzunguka shamba lote. Msimu wa kwanza kazi ni nyingi, kwa kuwa miche ya desmodiamu ni midogo na hupaliliwa kwa uangalifu; kisha yote mawili huwa chakula cha ng'ombe. Napia hukatwa kwa zamu, mstari baada ya mstari, maana ikikatwa yote siku moja, usiku ule nondo hawatakuwa na wa kuwaita ila mahindi.