SOMO LA 12: KUTENGENEZA MFANO WA INJINI YA GARRATT

Watoto wengi wa Kilwa na Lindi huchonga ngalawa ndogo za kuchezea. Baadhi huelea vizuri. Nyingine hupinduka mara zinapotiwa majini, kwa sababu mlingoti wake umezidi urefu. Kitu kilichotengenezwa kwa kukisia ni cha kuchezea tu. Lakini kitu kidogo ambacho kila sehemu yake imepunguzwa kwa kipimo kimoja huitwa mfano. Mfano hutuwezesha kujifunza habari za kitu kikubwa, hata kama kitu chenyewe kiko mbali au kimekwisha toweka.

Zamani mkoa wa Lindi ulikuwa na garimoshi. Mwaka 1949 Reli ya Kusini ilianza kutumika kutoka Mkwaya, karibu na Lindi, hadi Nachingwea. Ilijengwa kwa ajili ya mpango mkubwa wa kilimo cha karanga. Mwaka 1954 ilifika bandari ya Mtwara. Mpango wa karanga ulishindwa, na mwaka 1962 reli ilifungwa. Kisha vyuma vyake viling'olewa. Mwanafunzi wa Lindi anayetaka kuijua injini ya mvuke hana budi kujifunza kwa mfano.

Injini tutakayoitengeneza haikuwa ya Reli ya Kusini. Ilivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Ni injini ya aina ya Garratt, daraja la 59. Injini 34 za daraja hilo zilitengenezwa Manchester, Uingereza, mwaka 1955 na 1956. Kila moja ilipewa jina la mlima. Mbili zimehifadhiwa katika makumbusho ya reli Nairobi, nazo zina majina ya milima ya Tanzania: Gelai na Shengena.

Injini hiyo ilikuwa na urefu wa meta 31.7 na uzito wa tani 252 hivi. Ilipita juu ya reli yenye upana wa meta 1 tu. Je, kitu kirefu namna hiyo kiliwezaje kupita penye kona?

Jaribio

Vifaa: kadibodi, mkasi, rula, pini mbili, uzi na chaki.

1. Funga chaki kwenye uzi. Mwenzako ashike ncha ya pili sakafuni. Chora sehemu ya duara kwa uzi wa sentimita 150, kisha nyingine kwa uzi wa sentimita 157 bila kuhamisha ncha ile. Nafasi iliyo katikati ya mistari hiyo ndiyo njia yako.
2. Kata kadibodi yenye urefu wa sentimita 60 na upana wa sentimita 6. Iweke katika njia. Utaona kwamba haienei. Pembe zake hutoka nje.
3. Kata vipande vitatu, kila kimoja urefu wa sentimita 22 na upana wa sentimita 6. Vipandanishe kwa sentimita 3 na kuviunga kwa pini. Urefu wake wote ni sentimita 60 vilevile. Viweke katika njia, ukivikunja kidogo kwenye pini. Sasa vinaenea.

Hiyo ndiyo siri ya Garratt. Injini hiyo ina sehemu tatu. Sehemu ya mbele ina tangi la maji. Ya nyuma ina tangi la mafuta na maji. Kila moja ina magurudumu yake, silinda zake na pistoni zake. Sehemu ya katikati ina tanuri na pipa la kuchemshia maji. Haina magurudumu, imelala juu ya sehemu zile mbili kama daraja, na kila upande hugeuka kwenye mhimili.

Jinsi ya kutengeneza mfano

Tutatumia kipimo cha 1:50. Maana yake, kila sentimita 50 za injini ni sentimita 1 ya mfano. Gawanya kila kipimo kwa 50:

Urefu wote: sentimita 3170 ÷ 50 = 63.4
Upana wa reli: sentimita 100 ÷ 50 = 2
Upana wa pipa: sentimita 229 ÷ 50 = 4.6 hivi
Upana wa gurudumu kubwa: sentimita 137 ÷ 50 = 2.7 hivi

Tafuta kipande cha mwanzi chenye unene wa sentimita 4.6 kiwe pipa. Tengeneza matangi kwa kadibodi. Kata magurudumu kutoka kandambili za mpira zilizochakaa: makubwa 16, na mengine 12 yaliyo madogo kuliko hayo. Tumia spoku za baiskeli kuwa vyuma vya kuungia magurudumu. Unga sehemu tatu kwa misumari miwili, kila msumari uache nafasi ya kugeuka.

Tahadhari: Ncha za spoku huchoma. Mwombe mwalimu akusaidie kuzikata.

Uliyoyaona

Tazama mfano wako kwa mbele. Pipa ni nene kupita upana wa reli mara mbili na zaidi. Liliwezekana kuwa nene hivyo kwa sababu chini yake hapakuwa na magurudumu ya kulizuia. Pipa nene na tanuri kubwa hutoa mvuke mwingi, na mvuke mwingi hutoa nguvu nyingi. Tena, uzito wote uligawanywa kwa magurudumu 28, hata reli nyembamba ikaweza kuubeba. Ukiongeza au kupunguza kipimo kimoja kwa kukisia, mfano wako hautaonyesha mambo hayo.

Maswali

1. Kuna tofauti gani kati ya kitu cha kuchezea na mfano?
2. Kwa nini kadibodi isiyokunjwa haikuenea katika njia?
3. Dereva ana urefu wa sentimita 160. Katika mfano wako awe na urefu gani?
4. Pima ngalawa au mashua iliyo karibu nawe. Chagua kipimo, kisha andika vipimo vya mfano wake.